Twisheni ya jioni Mbagala: fundi mjenzi kwenye darasa la "kama… basi"

Mimi ni fundi mjenzi, narisiti hisabati ya kidato cha nne. Kituo ninachosoma kiko Mbagala, na jina silitaji kwa sababu nina malalamiko yangu mbele huko. Ada ni shilingi 2,000 kwa kipindi, unalipa mlangoni. Mwalimu ni kijana mdogo. Nje ananiamkia shikamoo, ndani ananisimamisha ubaoni kama wengine, na napenda hivyo.

Kilichonivutia ni anavyofundisha sentensi za masharti, zile za "kama hivi, basi vile". Mada ya mantiki huja rasmi kidato cha tano, kwa wanaosoma hisabati ya juu. Huyu anaipenyeza mapema kwenye jometri, na ana haki. Watu wanakariri kanuni bila kujua inaanzia upande gani.

Alianza na vijiti vinne vya urefu sawa, amevipigilia misumari kwenye kona. Kama umbo ni mraba, basi pande zake nne ni sawa. Darasa zima tukakubali. Je, kama pande nne ni sawa, basi umbo ni mraba? Wengi wakaitikia ndiyo. Akavisukuma vijiti vikalala upande: pande ni zilezile, pembe mraba hakuna hata moja. Sentensi ikigeuzwa inakuwa sentensi nyingine, inadai uthibitisho wake yenyewe.

Halafu akanigeukia. "Fundi, ukiseti msingi, kona unaijuaje?" Nikamjibu kama fundi yeyote: 60, 80, 100. Napima sentimita 60 kwenye kamba moja, 80 kwenye ya pili, na kutoka alama hadi alama ikija mita moja kamili, kona imekaa. Akauliza hiyo ni kanuni ya Pythagoras? Tukasema ndiyo. Kumbe kanuni yenyewe inaanza na pembe mraba na kuishia kwenye urefu. Fundi anaanza na urefu, anaishia kwenye pembe. Ni mgeuzo wake, na bahati yetu huu ni wa kweli pia. Euclid wa Alexandria alithibitisha kila moja peke yake, hoja ya 47 na ya 48, ndizo za mwisho katika kitabu cha kwanza cha Elements, kazi yake ya jometri. Miaka yote ya kuvuta kamba sikuwahi kufikiri kwamba ni mambo mawili.

Kubwa zaidi kwangu ilikuwa ulalo, yaani mstari wa kutoka kona hadi kona inayotazamana nayo. Kama msingi ni mstatili, basi lalo zake mbili ni sawa. Kwa hiyo zikitofautiana, huo si mstatili, huna haja ya kubishana na mtu. Hapo umegeuza na kukanusha pande zote mbili, na ukweli unabaki palepale. Lakini zikiwa sawa? Saiti nyingi hapo ndipo watu wanakunja futi na kuagiza zege. Mwalimu akachora trapeza yenye miguu miwili sawa: lalo ni sawa kabisa, na chumba kimefinyika upande mmoja! Inabidi upime kwanza kwamba pande zinazotazamana zinalingana, kisha lalo. Vyote viwili vikikubali, ni mstatili bila shaka. Vijana wangu sasa nawapimisha hivyo, wanalalamika kidogo.

Sasa malalamiko. Sharti likiwa la uongo, kwa nini sentensi nzima ihesabiwe kweli? Hapo alikimbia, akachora jedwali na kusema likariri. Mwenzangu wa dawati alinieleza vizuri kuliko yeye: baba amesema "ukifaulu nakununulia simu". Mtoto kafeli. Simu inunuliwe au isinunuliwe, baba hajavunja ahadi. Ameivunja pale tu mtoto anapofaulu na simu haipo. Mstari mmoja wa jedwali kati ya minne ndio wa uongo, basi.

Pamfleti zao za shilingi 1,000 sizishauri. Mahali panapotakiwa "ikiwa, na ikiwa tu", yaani sentensi ni kweli hata ikigeuzwa, wamechapa "ikiwa" peke yake, na kwenye mada hii kosa hilo linaharibu ukurasa mzima. Nunua daftari uandike mwenyewe. Madawati nayo ni machache, na waliochelewa wanasimama dirishani.

Anayetaka kupitishwa haraka kwenye maswali ya mitihani iliyopita ataona anacheleweshwa hapa. Fundi, seremala, au mzazi mwenye mtoto wa kidato cha pili anayehangaika na pembetatu, ampeleke. Vipindi vya jometri ni Jumanne na Alhamisi saa 12 jioni. Fika mapema ukae mbele, maana taa ya nyuma imeungua na mwandiko wa mwalimu ni mdogo.