Mama kwa rangi nne, na mdomo wa mchoraji

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Kuna mchoraji hapa Mwanza, jina namhifadhia, nilimpa kazi ya kumchora mama yangu kwa rangi za mafuta. Nikampa na picha ya simu: mama yuko Mwaloni, Kirumba, kwenye meza yake ya dagaa, anacheka, kitenge cha bluu begani. Advansi laki moja. Akasema wiki mbili. Wiki mbili za mafundi mnazijua.

Siku naitwa, nakuta turubai yote kahawia na kijivu. Kitenge kiko wapi? Nikamuuliza kwa upole kabisa, "Kaka, umeishiwa rangi?" Hata macho hakuinua. "Dada, ukitaka rangi zote nenda studio ukapigwe picha." Mbele ya watu! Mama yangu, hela yangu, halafu najibiwa kama nimekuja kuomba maji.

Ndipo likaanza darasa ambalo sikuliomba. Kwamba yeye anatumia nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi, basi, mtindo unaoitwa kwa jina la mchoraji Mswidi, Anders Zorn, aliyefariki 1920. Nyeusi na njano, eti unapata kijani. Nyeusi na nyeupe ukiiweka jirani na nyekundu, jicho linaiona bluu. Nikamwambia sikulipia jicho langu lifanye kazi, nimelipia kitenge.

Sasa shida iko hapa. Nimefika mlangoni naondoka, nikageuka nimwongezee moja, nikakiona kitenge. Bluu! Ya kufuliwa sana, lakini bluu. Na uso, jamani. Shavuni kapiga mpigo mnene wa brashi, nyekundu na njano, hakuulainisha, chini ya jicho kaacha weusi mtupu, na mdomo umebanwa vilevile mama anavyoubana mteja akitaja bei ya kijinga. Kwenye picha ya simu anacheka! Huo mdomo kautoa wapi?

Mama kaiangalia akasema, "Kanizeesha huyu." Kisha akaitundika sebuleni juu ya TV, na hataki iguswe.

Nilikaa niandike msiende kwake. Kazi, siwezi kusema uongo, ni nzuri. Nzuri sana, basi. Nendeni, ila atangulie mtu mwenye subira akaongee naye. Elfu hamsini iliyobaki nitampa, akiacha kunidai kwa meseji alfajiri bila hata salamu.