Uzoefu wangu na Civilization VI: Zanzibar yagombewa, Mombasa haimo

Nimeicheza hii gemu sana, hasa usiku wa Ramadhani baada ya tarawehe mpaka daku, na nasema wazi ni gemu kali, ukianza kutoka ni kazi. Ilitoka 2016, yachezeka kwa kompyuta, konsoli na hata simu, wachukua taifa tangu enzi za kale wajenga miji, wafanya biashara, wapigana, mpaka siku warusha roketi. Kiswahili haina lakini utazoea.

Sasa mie mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, lazima niitafute pwani yetu. Afrika imo, kuna Mali ya Mansa Musa, Kongo, Nubia, Ethiopia ya Menelik, Wazulu wa Shaka, na Mali ni raha manake dhahabu haikuishi. Waswahili wa kuchezwa hakuna. Kuna Zanzibar lakini ni dola-mji, yaani huwezi kuwa Zanzibar, nyinyi wakubwa ndo mnaitumia wajumbe, ukiwapiku wenzako unakuwa bwana wake na inakupa mdalasini na karafuu watu wako wafurahi. Basi. Zanzibar yenyewe haiwezi kushinda gemu hata iweje, kazi yake kugombewa tu. Na hiyo karafuu ilishamiri huko karne ya 19 chini ya masultani wa Kiomani kwa jasho la watumwa, kwa skrini ni kipicha cha kuongeza furaha.

Kilichoniuma zaidi ni Ureno, iliongezwa 2021. Meli yao inajenga kitu kinaitwa feitoria, kituo cha biashara kwa ufuo wa mtu mwingine, na kikishajengwa mwenye nchi hawezi kukiondoa, ila anapewa dhahabu kidogo ionekane wote wamefaidi. Jamani mie Fort Jesus, ngome ya Wareno, naiona kila siku! Almeida, jemadari wa Wareno, aliuchoma huu mji 1505, ngome ikaanza kujengwa 1593, 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa huko India akabatizwa Jerónimo, akamuua kapteni wao akaitwaa, Wareno wakarudi, na 1698 Waomani wakawatoa baada ya kuwazingira karibu miaka mitatu. Kwa hivyo waliondolewa, tena si mara moja. Na mtoto akisoma kitabu aweza kubisha, akimsikiliza mwalimu aweza kuuliza, lakini sheria ya gemu lazima aitii ndo acheze, hapo ndo mie napata wasiwasi.

Wacree, wenyeji wa asili wa Kanada, wao waliingizwa kama taifa zima, na 2018 kiongozi wao mmoja akalalamika kwamba gemu inawaonyesha kama watu waliotaka kuteka ardhi za wengine kama wakoloni. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu mie nataka Mombasa iwemo lakini si Mombasa ya kumeza bara zima. Nataka kaskazi ilete majahazi na kusi iyarudishe, mji upate nguvu kwa kuishi vizuri na wageni na kujua ni lini wa kuwafungia bandari. Hizo pepo hazimo kabisa humu ndani.

Nyota nne kwa tano, na hiyo moja siirudishi mpaka feitoria ibomoleke. Ukinunua chukua ya kompyuta, hiyo inakubali modi, yaani nyongeza zinazoandikwa na wachezaji wenyewe, na vijana wanaojua kuandika programu tunao hapa Mombasa, wa kuiandika Mvita yetu wasingoje Marekani.