Fazi ya kupigia roki nzito: nimepitia nne kabla ya kutulia

Wadau wa gitaa, mwaka karibu mzima nimekuwa nikinunua, nikiazima na kurudisha pedali za fazi, yaani visanduku vya kukanyaga na mguu vinavyovuruga sauti ya gitaa, na kitu kimoja nimeshika ni hiki: fazi haichaguliwi ukiwa peke yako kwa nyumba. Inachaguliwa dramu ikipigwa na besi iko ndani, na kwa ampu ile ile utatumia siku ya shoo. Mi mbili za kwanza kununua nilizipima nikiwa nimekaa kitandani na zote mbili zikanifeli mbele ya wenzangu.

Sisi ni watu watatu, gitaa, besi na dramu, tunafanyia mazoezi chumba kimoja huko Umoja, ukuta wa mawe na juu mabati. Muziki wetu ni roki nzito ya kwenda polepole, gitaa tumeilegeza mpaka uzi mnene uko D, na gitaa yangu ina hambaka mbili, zile pikapu za koili mbili zinazoshika mtetemo wa nyuzi. Ampu ni ya transista, ya sauti safi, aina ile ukiingia kanisa lolote hapa Nairobi utaikuta kando ya kinanda. Hii ya ampu naitaja mapema juu watu wengi tunafuata video za mtu mwenye ampu ya valvu, ile ya mirija ya kioo ndani, imefunguliwa mpaka yenyewe inaunguruma, alafu tunashangaa mbona kwetu pedali ile ile inakwaruza kama msumeno. Ampu ikiwa safi hailainishi kitu, chenye kimetoka kwa pedali ndicho utasikia.

Kwa mwenye anaanza, tofauti ni hii. Wimbi la sauti ya gitaa lina vilele vya mviringo, pedali ya ovadraivu inavipunguza kidogo, distoshoni inakata zaidi, na fazi inakata juu na chini mpaka wimbi linakaribia kuwa mraba, ndio maana noti inakaa muda mrefu na ina ule mngurumo wa nyuki ndani ya debe. Hii kitu si ya jana, Maestro Fuzz-Tone ilitoka Marekani mwaka wa 1962 na ilikuwa inauzwa kama njia ya kufanya gitaa itoe sauti kama ya tarumbeta na saksafoni. Na msidhani ni mambo ya wazungu peke yao, Zambia miaka ya sabini bendi kama WITCH na Amanaz, na mpiga gitaa Paul Ngozi, walipiga fazi mpaka muziki wao ukapewa jina lake, Zamrock. Sisi huku gitaa yetu ilikua ya benga, safi, inang'aa, kila noti inahesabika, na naipenda sana, lakini kichwani nilikuwa nasikia kitu kingine.

Ya kwanza niliagiza mtandaoni, haikuwa na jina la maana, shilingi 3,500. Kwa nyumba ilipiga poa. Wiki ya tatu ikaanza kukatika, unapiga noti inapotea, ukigusa jeki, lile tundu la kuchomeka waya, inarudi. Nikaipeleka kwa fundi pale Luthuli Avenue, mzee mmoja huwa anatengeneza redio na ampu za matatu. Akafungua skrubu nne nyuma, akavaa miwani, akaisogeza chini ya taa na kunionyesha na ncha ya bisibisi, "Kijana, tazama hapa, hii solda haikushika." Kweli mguu wa jeki ulikuwa umezungukwa na kaduara keusi kadogo, unacheza ndani ya shimo lake. Akaiunga upya kwa shilingi 200 na mpaka leo inafanya kazi. Lakini shida yake kubwa haikuwa solda. Tulipoanza kupiga pamoja sauti ilikuwa nyembamba, kali huku juu, na kila nikiacha kupiga ilikuwa inatoa vuuuum kubwa kushinda besi.

Hiyo vuuuum nilifikiri ni pedali mbovu kumbe nusu yake ni adapta. Nilikuwa nimechukua adapta yoyote ya volti 9 mtaani, na zingine huwa hazisafishi umeme vizuri, ile mitetemo ya stima inapita, na fazi kazi yake ni kukuza kila kitu inapewa, pamoja na uchafu. Nilipoweka betri ya mraba kelele ikashuka sana. Sai natumia adapta iliyotengenezewa pedali, na kabla sijachomeka naangalia ule mchoro mdogo kando ya tundu la umeme, karibu pedali zote za kisasa zinataka hasi iwe katikati ya plagi. Fazi zingine za transista za zamani zimegeuza, chanya ndio iko upande wa ardhi, hizo usiziunge kwa waya mmoja na pedali zingine kabisa, zipe umeme wao.

Ya pili niliazima kwa kaka mmoja anapiga gitaa kanisani kwetu, Fuzz Face ndogo ya Dunlop, ile nyekundu yenye transista za jemaniamu, aina ya zamani kabla ya silikoni. Fuzz Face asili yake ni London 1966, ya duara kama kitako cha stendi ya maikrofoni, na ndani ni transista mbili tu, ndio hiyo Jimi Hendrix alifanya ijulikane dunia nzima. Nikwambie ukweli, kwa uzuri wa sauti hakuna kitu nimewahi kugusa kama hiyo. Unapiga kwa nguvu inanguruma, unarudisha voliumu ya gitaa kidogo, kama robo hivi, inakuwa karibu safi na ina kamwangaza fulani, miguu haijagusa chochote. Kama unapiga roki ya kibluzi ya miaka ya sitini, wacha kusoma hapa, nunua hiyo.

Lakini ina masharti. Lazima iwe ya kwanza kutoka kwa gitaa, juu inataka kuongea na pikapu moja kwa moja, mi nilikuwa nimeweka tuna, pedali ya kupimia noti, yenye bafa (saketi ya kuimarisha mawimbi) mbele yake na ikawa chungu, kali, ile ya voliumu ya gitaa ikapotea yote. Nilipoihamisha tuna nyuma ikarudi. Sharti la pili ni joto. Jemaniamu ikipata joto transista zinavujisha umeme na kila kitu ndani kinasogea. Niliichukua mwezi wa saba, mnajua Nairobi Julai asubuhi venye inakuwa, tunapiga na majaketi, na ilikuwa tamu ajabu. Nikaiazima tena Februari, saa nane mchana, chini ya mabati, na kufikia wimbo wa tatu noti zilikuwa zinasongwa, zinakatika mwishoni kama mtu anakohoa. Nikaiweka kwa dirisha penye upepo tukapumzika kidogo, ikapona. Siwezi kuenda shoo na kitu inategemea hali ya hewa hivyo, na kwa muziki wetu gaini yenyewe, ile nguvu ya kukuza na kukata wimbi, pia ilikuwa haitoshi.

Ndio nikaingia kwa familia ya Big Muff ya Electro-Harmonix, ya New York, imekuwepo tangu 1969. Hapa ni transista nne, na mbili za katikati kila moja ina dayodi zake za kukata wimbi, kwa hivyo sauti inakatwa mara mbili na noti haiishi, unaweza piga, ukanywa maji, ukarudi iko. Nobu ni tatu tu, Volume, Tone na Sustain. Nilipata ile ndogo ya kawaida kwa mtu aliyekuwa anauza, 9,000, na kwa nyumba nilicheka peke yangu vile ilikuwa kubwa, ukuta mzima.

Jumamosi tukaiwasha mazoezini na nikapotea. Si kwamba sauti ilikuwa ndogo, nilikuwa naongeza Volume na besi ananiambia, "Bro, naona mkono unasonga lakini sikuskii." Sababu iko kwa ile nobu ya Tone. Inachanganya njia mbili, moja inapitisha za chini na nyingine za juu, na ukiiweka katikati kunabaki shimo kwenye sauti za kati, karibu na hertz 1,000. Sasa fikiria, chini kuna besi na dramu kubwa, juu kuna simbali, gitaa inaishi hapo kati kwenye pedali imechimba shimo. Ukiwa pekee yako hilo shimo ndilo linafanya isikike kubwa na laini, ukiwa na bendi ndilo linakumeza. Hapa ndio nilielewa mbona vipimo vya kitandani vinadanganya.

Hiyo nikabadilishana na jamaa wa Rongai, nikaongeza 3,000, akanipa Green Russian ndogo, ambayo ni Electro-Harmonix wamerudia ile Big Muff ya kijani ya Sovtek iliyokuwa inatengenezwa Urusi miaka ya tisini. Nobu ni zile zile tatu. Kwa masikio yangu hii ina chini nzito zaidi, makali kidogo, na za kati hazijachimbwa sana. Haikwaruzi kwa ampu yetu safi. Nikipiga nyuzi mbili za chini kwa pamoja na kuzizuia na kiganja inatoa ule mpigo wa tumboni, unauskia kwa kifua kabla ya masikio, na bado besi anasikika.

Venye naiweka, nobu nikizisoma kama mshale wa saa: Volume saa sita, Tone saa saba hivi au saa nane tukiwa ukumbini, na Sustain saa tisa, yaani mshale unaangalia kulia kabisa. Sipandishi Sustain hadi mwisho, nilijaribu, noti zinabanana na mpigo unapotea, gaini nyingi inakula ule mguso wa kwanza wa pleki. Nyuma yake nimeweka ovadraivu ya aina ya Tube Screamer, gaini yake chini kabisa na level, nobu ya kiasi cha sauti, juu, kazi yake si kuongeza ukali, ni kuinua zile za kati. Siku ya kwanza niliikanyaga katikati ya wimbo, besi aliinua kichwa akaniangalia, dramu akaongeza nguvu, na hatujawahi kupiga ule wimbo bila hiyo tena.

Yenye haifanyi: haisafiki ukirudisha voliumu ya gitaa kama Fuzz Face, inapungua tu na kuwa na matope, kwa hivyo sehemu za polepole naizima kwa mguu. Na ukipiga nyuzi sita zote pamoja ni uji, ukitaka kodi (noti kadhaa kwa pamoja) nzuri za kibenga tafuta pedali nyingine.

Ukienda dukani kujaribu beba gitaa yako, omba wakuwekee ampu safi, na uwe na wimbo wenye besi na dramu kwa simu uupige kwa spika pembeni ukijaribu. Dakika kumi hivyo zinakuambia mengi kuliko wiki nzima kwa nyumba.

Kitu bado kinanisumbua ni Fuzz Face ya silikoni, juu hiyo haisumbuliwi na joto kama ya jemaniamu na inasemekana ina gaini zaidi. Mwenye anayo hapa Nairobi na hatumii Jumamosi aje nayo Umoja, ampu iko, dramu iko, na mabati yatakuwa na joto la kutosha kuipima.