Mbegu za hosradishi: mizizi safi, maelezo nusu (nyota 4 kati ya 5)

Niliagiza pakiti ya vipande 5 vya kupandia hosradishi, ule mzizi mweupe mkali wa ukoo wa haradali na kabichi, kwa bustani ya nyumbani hapa Illinois. Mbegu yenyewe naisifu: vipande vigumu, unene wa penseli, urefu wa sentimita 25 hivi, havina ukungu, na vyote vilichipua. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya karatasi ya maelezo.

Haisemi kwa nini kila kipande kimekatwa kwa kukingama ncha moja na mshazari ncha ya pili. Mkato wa kukingama ndio kichwa. Wa mshazari unaelekea chini. Tifua udongo hadi sentimita 30 au 40, laza kipande kwa nyuzi 45, kichwa kikae sentimita 5 chini ya udongo, na uache sentimita 60 kati ya mche na mche. Samadi mbichi usiweke kabisa: mzizi hugawanyika kama vidole, na nitrojeni ikizidi utavuna majani.

Kazi kubwa zaidi haikutajwa hata kwa neno moja. Majani yakifika sentimita 20, bakiza chipukizi moja au mawili yenye nguvu. Fukua kichwa cha mzizi, kiinue kidogo, sugua vimizizi vyote vya pembeni kwa kitambaa kikavu hadi ving'oke, kisha fukia. Mizizi ya chini isiguswe, ndiyo inayolisha mmea. Rudia baada ya wiki 6. Usipofanya hivyo utachimba fundo la vimizizi vyembamba visivyomenyeka.

Tena, kibaki hata kipande kidogo ardhini, kitaota mwakani. Bustani ndogo itumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, kipande 1 kwa ndoo.

Vuna baridi ikishaua majani. Saga madirisha yakiwa wazi, maana mvuke wake unachoma macho. Ukali huzaliwa seli zinapovunjika na siki huusimamisha, hivyo ukiutaka mkali subiri dakika 3 ndipo utie siki: vijiko 2 vya chakula kwa kikombe cha mzizi uliosagwa, na chumvi nusu kijiko cha chai.

Mbegu hazinunuliwi mara ya pili. Vimizizi virefu vya mavuno vikate kwa kukingama na mshazari vilevile, uvihifadhi kwenye mchanga wenye unyevu mahali pa baridi hadi masika.