Safari ya wikendi ya kununua nyuzi na sufu: kituo cha kwanza kiondoeni

Basi halikuchelewa, vyumba vilikuwa safi, sina neno. Ugomvi wangu ni kituo kimoja, kile cha sufu ghafi, ambako muuzaji alininyang'anya kishungi cha manyoya mkononi mbele ya kundi zima: "Dada, kama hununui usiniharibie mali."

Kuharibu? Sufu hupimwa hivyo hivyo! Unachomoa kishungi chembamba kama penseli, unakishika ncha zote mbili, unakisogeza sikioni, kisha unakivuta kwa ghafla. Kikilia kama uzi wa gitaa, ni kizima. Kikichakarika kama karatasi, au kikikatika katikati, achana nacho. Kondoo aliugua au alikosa malisho, na unywele ukakonda pale pale. Sufu hiyo ukiichana inakatika vipande vifupi, uzi unajaa vinundu, na hakuna sabuni ya kuutibu. Changu kilikatika. Sasa mnajua kwa nini alikinyang'anya.

Kiongozi wa safari, badala ya kututetea, akatazama saa. Dakika 40, watu 18, mzani mmoja! Wenzangu wanne wakachanga haraka haraka, wakabeba kilo 4 bila kupima hata kishungi kimoja. Sufu ghafi ina mafuta, jasho na vumbi. Ikioshwa huweza kupungua hadi karibu nusu, hasa ya merino, wale kondoo wa sufu laini. Kwa hiyo wamelipia kilo 4, watabaki na mbili na ushee, na hizo nazo za kukatika. Bei ilikuwa ya sufu nzima.

Niliapa sitakanyaga tena safari hii. Tatizo ni duka la nyuzi la siku ya pili. Nilichukua vidonge 6 vya uzi wa bluu, na mwenye duka mwenyewe ndiye aliyenizuia nisilipe: namba za rangi kwenye lebo zilikuwa mbili tofauti, yaani havikutiwa rangi kwa mkupuo mmoja. Ndani, chini ya taa, huoni kitu. Tulipovitoa mlangoni kwenye mwanga wa jua, vitatu vilielekea kijani. Hakuwa na vingine, akashauri sweta nilifume mistari miwili ya kidonge cha namba hii, miwili ya cha namba ile, tangu mwanzo hadi mwisho, ili pasitokee mpaka kifuani. Nimeshafuma mgongo wote, na mpaka siuoni.

Basi, nendeni. Kituo cha kwanza bakini kwenye basi. Au shukeni, mvute vishungi vyote 18 kwa pamoja, tuone atanyang'anya vingapi.