Casio fx-991ES PLUS mbele ya namba kubwa: chunga mabano

Wengi wenye kalkuleta hii huishia kwenye sine na logi. Kitufe chenye utamu ni FACT, kinachovunja namba nzima kuwa vigawo tasa, yaani vile visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe. Iweke kwenye COMP, hali ya hesabu za kawaida (MODE, kisha 1), andika namba, bonyeza =, halafu SHIFT na kitufe cha °'''. Lazima = itangulie, maana FACT hulishughulikia jibu lililoko kwenye kioo.

Ukitaka kuijaribu pale kaunta Mwembe Tayari, Mombasa, kabla hujatoa pesa, piga 2^32 + 1. Ipate 4294967297, na FACT ilete 641×(6700417). Kigawo hicho cha 641 alikipata mwanahisabati Euler mwaka 1732, na dai la mwenzake wa zamani, Fermat, kwamba namba za umbo 2^(2^n) + 1 (hapa n ni 5) zote ni tasa likaanguka.

Sasa hayo mabano. Mashine hujaribu vigawo tasa visivyozidi tarakimu tatu. Kinachobaki kikifika 1018081, yaani 1009², haiwezi tena kuamua. Inakifungia mabanoni na kukuachia wewe. Anayeyasoma mabano kama muhuri wa "tasa" amepotea: 4104676 huleta 2²×(1026169), na 1026169 ni 1013². Lakini 6700417 ni tasa kwelikweli, na mabano ni yale yale.

Kuamua, tafuta kipeuo cha pili. Cha 6700417 ni 2588 na ushei, kwa hiyo ungejaribu kila namba tasa kuanzia 1009 hadi 2579. Kazi ya kuchosha, ila hapa ipo njia ya mkato: kigawo chochote cha 6700417 ni kigawo cha 2^32 + 1 pia, na mwaka 1878 mwanahisabati Lucas alionyesha kwamba kigawo tasa cha namba hii ya Fermat lazima kiwe na umbo 128k + 1, k ikiwa namba nzima. Katika masafa hayo, tasa za umbo hilo ni 1153 na 1409 peke yake. Gawa: 5811.29 na 4755.44. Hakuna inayogawa sawasawa, basi ni tasa.

Ukivuka tarakimu 10, FACT haina msaada, na hesabu zenyewe zinaanza kudanganya kwa adabu. 2^67 na 2^67 − 1 zote huonekana 1.475739526×10^20, ukitoa moja kwa nyingine unapewa 0, kwa sababu ndani hubebwa tarakimu 15 na namba hiyo ina 21. Mwanahisabati Cole aliivunja 2^67 − 1 mwaka 1903: 193707721 × 761838257287. Ukitaka kulihakiki zao hilo lote, kata kila namba vipande vya tarakimu tano kutoka kulia: 1937|07721 na 76|18382|57287. Zao la vipande viwili halizidi tarakimu 10, kwa hiyo kioo hakifichi kitu. Unapanga na kujumlisha kwenye karatasi. Wengi hukosea kwenye 07721: sifuri ya mbele ikidondoka, nafasi zote zinasogea. Jibu sahihi ni 147573952589676412927.

Kwa tarakimu 10 kushuka, inafaa kununuliwa. Kwa zaidi ya hapo, Python, lugha ya programu, kwenye simu ni bure na haipotezi hata tarakimu moja: andika 2**67-1.