Uzoefu wangu na kanyota ka theluji kwenye dashibodi: kananisaidia ila kanapima hewa, hakapimi lami

Mi naendesha gari sehemu yenye baridi kali na mara nyingi natoka hakujapambazuka, kwaio kuna kataa kamoja kwenye dashibodi nimekazoea kuliko taa zote, kale kanyota ka theluji kanakowaka na kamlio kake ka "ting" ukiwa ndo kwanza unaanza safari. Wengi hawakatilii maanani kabisa. Mi mwenyewe nilipouziwa gari hakuna aliyenieleza kitu, na kitabu cha gari kimekaandikia mistari miwili tu, eti joto la nje limeshuka, barabara inaweza kuwa na barafu, endesha kwa uangalifu. Basi. Nimekaa nako misimu minne ya baridi kwenye magari mawili, la kwanza la zamani kidogo, hili la sasa lina intaneti na mambo mengi, na kuna vitu nimejifunza kwa uchungu ambavyo natamani mtu angeniambia mapema.

Kwanza ujue kanafanyaje kazi maana hapa ndo penye shida yote. Mbele ya gari, nyuma ya bampa au ndani ya saidi mira, kuna kasensa kadogo kama kidole, ni kapande ka umeme ambako ukinzani wake (yani kanavyozuia umeme kupita) unapanda jinsi baridi inavyoongezeka, kompyuta ya gari inasoma ule ukinzani inaubadilisha kuwa namba unayoiona kwenye skrini. Ikishuka mpaka nyuzi 3 au 4 (inategemea gari), kanyota kanawaka. Watu wanauliza mbona kanawaka wakati maji yanaganda kwenye sifuri, jibu ni kwamba hewa ikiwa 3 lami yenyewe inaweza kuwa imeshafika sifuri au chini yake, hasa usiku usio na mawingu, joto la ardhi linapotelea juu angani na uso wa barabara unapoa kuliko hewa iliyo juu yake. Waliotengeneza wamekuachia nafasi kidogo ya usalama, na nafasi yenyewe ni ndogo kweli. Kasensa kanajua hewa ya pale kalipofungwa, basi. Hakajawahi kugusa barabara.

Sasa nieleze kilichonitokea na gari la kwanza.

Ilikuwa alfajiri, mbingu safi, nyota zimejaa, upepo kidogo. Nilikuwa nimeshaendesha kama nusu saa nikasimama kwenye kituo cha mafuta, nikajaza, nikaingia ndani kulipa, kulikuwa na foleni, nikakaa kama dakika kumi hivi. Narudi nawasha gari skrini inaniambia nyuzi 6. Kanyota hakapo. Nikasema afadhali leo kumepata joto, nikaondoka na mwendo wangu wa kawaida, na mbele tu kidogo kuna daraja juu ya mto. Lami ilikuwa inang'aa, nikajua ni unyevu tu. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kimya, yani ule mvumo wa matairi kwenye lami ambao unausikia kila siku mpaka umesahau kwamba upo, ulipotea ghafla kama mtu kauzima. Afu usukani ukawa mwepesi mkononi, unazungusha kidogo hakuna kinachojibu. Tako la gari likaanza kwenda kulia polepole, na ile taa ya njano ya kigari chenye mistari ya nyoka nyuma, ya mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ikawa inapepesa mfululizo. Sikugusa breki, sijui ni nani alinishika mguu, nikaachia mafuta nikakaza macho kule mwisho wa daraja ninapotaka kwenda. Gari likarudi kushoto likapitiliza, bampa la nyuma likagonga reli ya daraja, kishindo kidogo tu, likanyooka lenyewe tulipofika kwenye lami ya upande wa pili.

Nikasimama mbele kabisa, nikawasha hazadi, nikashuka. Mguu wa kwanza kuweka chini karibu niende chali. Nikainama nikagusa lami kwa kiganja, ilikuwa laini kama kioo, nyeusi ileile ya lami kwa sababu barafu yenyewe ni nyembamba na inapitisha mwanga, ndo maana wanaiita barafu nyeusi japo haina rangi. Kiganja kikatoka na maji. Nikageuka nikaangalia ndani ya gari: nyuzi 5. Kanyota kametulia hakapo. Nikaendelea taratibu sana na baada ya kama kilomita tatu namba ikashuka 4, ikashuka 2, ndo kanyota kakawaka na "ting" yake. Aisee nilitetemeka pale kuliko hata kwenye daraja.

Baadaye nikaelewa. Gari likisimama injini ikiwa ya moto, joto lake linasambaa pale mbele na kasensa kanapata joto la injini, hakapati tena hewa ya nje, mpaka utembee kidogo upepo ukapooze. Magari mengine yana programu inayokataa kuamini namba iliyopanda gari likiwa limesimama, inangoja mpaka utembee kwanza, langu lile halikuwa na akili hiyo. Na daraja nalo lina mambo yake, barabara ya kawaida chini yake kuna ardhi inayoshikilia joto, daraja linapigwa na upepo juu na chini kwaio linaganda mapema kuliko barabara inayoingia na kutoka. Kwaio mi nilipata vyote viwili kwa pamoja, sensa iliyodanganywa na injini na sehemu inayoganda ya kwanza.

Tangu siku hiyo ukisimama popote hata dakika tano, usiiamini ile namba mpaka umeshatembea. Mi naangalia namba niliyokuwa nayo kabla ya kusimama, hiyo ndo naichukulia ya kweli.

Kitu kingine ni kwamba msimu wa baridi ukishakolea kanyota kanawaka kila siku, asubuhi mpaka jioni, na macho yanakazoea, yanakapita tu. Nimejilazimisha kusoma namba badala ya kanyota, na hasa kuangalia inaelekea wapi. Watu wengi wanaogopa hasi 15 na wanapumua ikifika sifuri, wakati kwenye utelezi ni kinyume. Barafu iliyo karibu na sifuri ina utando wa maji juu yake na inateleza vibaya kuliko barafu ya hasi 20 ambayo ni kavu na tairi linaishika kidogo. Mi namba inayonifanya nikae wima ni kati ya hasi 2 na 2, na ikiwa inapanda kutoka baridi kali huku mvua inanyesha ndo mbaya zaidi, maana hewa imeshapata joto ila lami bado ina baridi ya jana na mvua inagandia pale inapoangukia. Halafu usitegemee chumvi tu, chumvi ya kawaida wanayomwaga barabarani inaanza kushindwa kazi baridi ikishapita hasi 10 hivi.

Sasa hili gari la pili. Hili mbali na kanyota lina onyo la kwenye skrini linalotoka kwenye magari mengine, yani gari la mbele likihisi matairi yanateleza linatuma taarifa kwenye mtandao na wewe unayekuja nyuma unaonyeshwa kwamba mbele kuna utelezi. Volvo walianza na kitu cha namna hii Sweden na Norway mwaka 2016, sa hivi kampuni nyingine nazo wanazo. Kiukweli nimekipenda sana. Hapa kuna kitu kinachopima barabara yenyewe kupitia matairi, tofauti kabisa na kubahatisha kwa hewa. Siku moja niliambiwa kona ya mbele ina utelezi, skrini inasoma nyuzi 4, nisingepunguza mwendo kabisa, nikapunguza, na kweli nilipofika kulikuwa na maji yamevuja kutoka pembeni yakaganda kivulini chini ya miti ambapo jua halifiki. Gari lilitikisika kidogo tu nikapita.

Ila lina tundu moja kubwa. Linategemea kuna mtu amepita kabla yako, tena mwenye gari la mfumo huohuo. Sie tunaotoka saa kumi na moja alfajiri ndo tunaopita wa kwanza, tunakuwa sie onyo la wenzetu. Skrini ikiwa kimya saa hizo maana yake inawezekana ni kwamba hakuna aliyepita, sio kwamba barabara ni nzuri. Hili naomba lieleweke vizuri maana nimesikia watu wakisema "gari langu lingeniambia."

Tena msichanganye kanyota na ile taa ya njano ya kigari chenye mistari ya nyoka. Kanyota ni tahadhari ya hali ya hewa. Ile ya njano ikipepesa maana yake matairi yameshapoteza mshiko muda huohuo na mfumo unabana breki tairi mojamoja na kupunguza nguvu ya injini kukuweka kwenye mstari, kwaio ikipepesa achia mafuta taratibu, usikanyage breki kwa hasira. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, hapo kuna hitilafu au kuna mtu kauzima mfumo kwa swichi. Na mfumo wenyewe hauongezi mshiko wowote, unagawa tu mshiko uliopo, na kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara 10 ya ule wa lami kavu. Mi kanyota kakiwaka kitu cha kwanza nazima krusi kontrol (ile inayoshikilia mwendo bila mguu wako), maana sitaki gari liongeze mafuta lenyewe wakati tairi limeanza kuteleza na mguu wangu uko mbali.

Matairi ndo usiseme. Kanyota hakajui umevaa matairi gani. Mpira wa tairi la kiangazi unaanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7, yani hata kabla kanyota hakajawaka tairi lako limeshapunguza kazi. Tafuta ubavuni mwa tairi ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani, zile herufi M+S (yani tope na theluji) peke yake hazitoshi. Na asubuhi ya baridi taa ya upepo wa tairi nayo ikiwaka usishangae, upepo unanywea baridi ikiingia, pima na ujaze kabla ya kutoka.

Nikipiga hesabu yote nakapa nyota nne kati ya tano kwenye hili gari la sasa, kwenye lile la zamani tatu. Kale kamlio kamenitoa kwenye mawazo mara nyingi sana na najua kuna siku kaliniokoa bila mimi kujua. Ninachowadai watengenezaji ni neno moja tu pembeni ya namba, waandike "hewa", mtu ajue anasoma nini.

Kwa anayenunua gari lililotumika, kapime hako kasensa kabla hujalipa, watu wanakagua injini wanakasahau. Gari likiwa limelala nje usiku kucha, washa asubuhi ulinganishe na kipimajoto cha kawaida, tofauti ya nyuzi moja au mbili sio mbaya. Ukikuta inasoma hasi 40 siku ya kawaida, hapo waya umekatika au sensa haipo kabisa, lile langu la zamani lilifika huko baada ya bampa kugongwa na jiwe. Fundi alitoa klipu mbili nyuma ya bampa akachomeka sensa nyingine, haikufika hata robo saa, ila kabla ya hapo nilikaa wiki nzima ya baridi kanyota kanawaka mfululizo na namba haina maana yoyote.